Nusu ya Kulia

Kazi yangu ilikuwa kuwakutanisha watu ndani ya kioo. Elisabethville nzima, mji wetu wa shaba huku Kongo, waliniita fundi wa nusu, na wengine walilisema jina hilo kwa kunicheka. Sikujali. Walipotaka picha, walinijia hao hao wenye kucheka.

Ilikuwa hivi. Mwanamume ametoka Mitwaba amekuja kufanya kazi ya shaba, mke amebaki kwao na watoto. Wanataka picha moja wamesimama pamoja, kama watu waliooana kweli. Basi namsimamisha mume mbele ya shuka langu la kijivu, naziba upande mmoja wa kioo cha kamera, kile kinachoshika picha, kwa karatasi nzito nyeusi niliyoikata mwenyewe, napiga nusu ya kushoto. Kioo kinabaki katika kasha lake, nalizungushia kitambaa cheusi, napanda baiskeli au lori la mizigo. Nikifika Mitwaba nina vumbi mpaka kwenye meno. Natundika shuka lile lile, namsimamisha mke, napiga nusu ya kulia, na hapo ndipo kioo kinasafishwa gizani kwa maji ya dawa, picha itokee. Ukikisafisha mapema, ile nusu iliyokuwa inangoja itatoka nyeusi tii. Na kioo kikiona jua kabla hakijasafishwa, hata kwa kufumba na kufumbua, zimekufa zote mbili, na hakuna dawa.

Lawama zilikuwa nyingi. Mume mmoja alikuwa mrefu sana na mimi nilikosea kupima, picha ikatoka mke anamfikia kwapani. Alinifuata mpaka nyumbani kwangu. "Fundi, miye nilikuomba bibi, weye ulinipa mutoto!" Mke wangu alicheka mpaka akaketi chini. Mwingine bega lake lilimezwa na mpaka wa katikati, akadai bega lake. Lakini wengi walishukuru. Walitundika picha ukutani, na mgeni akija hawakumwambia kwamba wale wawili siku ile walikuwa mbali kwa safari ya siku kadhaa.

Nilikuwa pia na sanduku la nusu ambazo hazikupata wenzao. Mume alikufa chini ya ardhi kabla sijarudi, au mke aliolewa na mwingine, au kijiji kilihama na hakuna aliyejua kimekwenda wapi. Vile vioo sikuvisafisha na sikuvitupa. Viliniudhi tu kila nilipohama nyumba.

Wakati wa vita vya pili vya wazungu, mpiga picha mzungu wa mjini aliitwa jeshini. Hapo ndipo wakubwa walipokumbuka kwamba kuna mtu mweusi mwenye kamera anayezurura na baiskeli. Walikuwa wamefika wakimbizi, Wagiriki wa visiwani, waliofukuzwa na vita na njaa. Walipandishwa meli, wakashushwa, wakapandishwa treni, mpaka wakatupwa kwetu, katika mabanda marefu nje ya mji, karibu na reli. Mabwana na mabibi waliokuwa wanachangia chakula chao walitaka picha za maisha yao ya kila siku, wazipeleke ng'ambo, watu waone wanavyotunzwa.

Kwetu neno kambi lilikuwa la watu weusi. Kambi ni mahali mzungu anapokupanga kwa mistari, anakupa nyumba yenye namba na kengele ya kukuamsha. Kumbe na wao! Wanawake waliouza mboga nje ya seng'enge walikuwa hawajamaliza kushangaa. "Angalia, banafua nguo benyewe! Na ule mwanaume anabeba maji! Ile iko muzungu ya namna gani?" Mimi pia nilishangaa, sitadanganya. Nilikuwa sijawahi kumwona mzungu akienda bila viatu.

Mkuu wa kambi alikuwa mtu mwenye kofia ngumu nyeupe na Kiswahili cha amri tupu. Alinionyesha kwa kidole mambo ya kutopiga. Miguu mitupu, hapana. Mzungu na ndoo, hapana. Watu wamepanga mstari wa supu, hapana kabisa. Maisha ya kila siku, ndiyo, lakini safi. Halafu akawaita wanaume wawili weusi waliokuwa wanapita barabarani na shughuli zao, akawapa ndoo, akawasimamisha nyuma ya wale mama waliokuwa wanafua, ionekane kwamba kuna watumishi.

"Baba," mmoja alininong'oneza, "hii ndoo haina na maji. Tufanye nayo nini?"

"Shika tu," nikamwambia. "Na usicheke, utaniharibia picha."

Nilirudi pale mara nyingi, maana mabwana hawakuridhika upesi. Nilipiga mama wazee waliovaa nguo nyeusi wakifuma vitambaa vyeupe. Nilipiga tanuri la mikate walilojenga wenyewe kwa udongo wa kichuguu, udongo ule ule tunaofyatulia matofali yetu. Nani aliwafundisha sijui. Nilipiga wanaume walioketi wamegeukia reli asubuhi mpaka jioni, ingawa treni ya abiria haikupita kila siku. Na kuna niliyoyaona nisiyoyapiga. Malaria ilikuwa inawamaliza watoto wao. Kila niliporudi nilikuta kitanda kimoja kidogo kimetolewa nje kuanikwa, na siku nyingine viwili. Hakuna aliyelia kwa sauti. Walikuwa wamechoka hata kulia, na mimi nilikuwa nawapanga wasimame vizuri na kutabasamu. Kazi ile ilinichafua roho.

Sasa niseme juu ya lile neno. Kwetu kila mwanamume mwenye nyumba na watoto ni baba. Wauza mboga waliniita baba, wale wa ndoo waliniita baba, hata mke wangu aliniita baba. "Baba, kuya uonje hii karanga!" "Baba, na miye unipige foto!" Kutwa nzima pale kwenye seng'enge ni baba, baba, baba. Masikio yangu yalikuwa hayalisikii tena, kama usivyomsikia jogoo wa jirani.

Kulikuwa na mtoto mmoja aliyelisikia. Msichana mdogo, sawa na binti yangu wa mwisho, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya chawa, gauni la gunia la unga. Alikuwa ananifuata. Nikigeuka, anasimama. Wanawake wakiita, anatazama midomo yao, kisha ananitazama mimi, kisha midomo yao tena. Asubuhi moja nilipokuwa nimejifunika kitambaa cha kamera, nilisikia nguo inavutwa. Nikatoa kichwa.

"Babaa?" akasema. Alivuta mwisho wa neno.

Nikaitika bila kufikiri, kama tunavyoitika kwetu. Mtoto wa kike akikuita baba, unamwitikia mama, ndiyo heshima yake, maana huenda ndani yake amerudi bibi yako mzaa mama. "Eee, mama," nikasema.

Uso wake ukafunguka wote. Akageuka akakimbia mbio, akapotea mle mabandani, akarudi anamkokota mwanamke kwa sketi. "Mama!" akaniambia, akimwonyesha. "Mama!" Alidhani nimemwuliza mama yake yuko wapi, naye amemleta.

Wauza mboga waliangua kicheko. Mama yangu ee! "Baba, ulizala wapi huyu muzungu?" "Njo maana unaendaka kule mpakani Mokambo kila mara!" "Sura iko yako kabisa, ni jua tu haikumupiga vizuri!" Mmoja alicheka mpaka akamwaga nyanya zake. Nilicheka na mimi, nifanye nini?

Yule mwanamke hakucheka. Alikuwa kijana bado, kitambaa cheusi kichwani, mikono imepasuka kwa magadi ya kufulia. Alimshika mtoto mkono amwondoe, na mtoto akajitupa chini. Bahati, Mgiriki mmoja wa siku nyingi mjini kwetu alikuwa anashusha magunia. Aliuza samaki wakavu, na Kiswahili chake alikiokota sokoni, hakukosa tusi hata moja. Akamsikiliza mwanamke, akamsikiliza mtoto, akaja kwangu anajifuta jasho.

"Fundi, kwetu baba iko baba. Na mama iko mama. Ile ile kama yenu." Akamtazama mtoto. "Huyu mutoto hajui sura ya baba yake. Walipopanda meli alikuwa ananyonya bado. Baba alibaki kutafuta mama yake muzee, alisema atafuata na meli ya nyuma. Kila siku mutoto anaambiwa, baba atakuja. Sasa anasikia bantu bote banakuita baba. Unataka afikiri nini?"

Kicheko kiliniishia pale pale. Nilikuwa nimemwitikia.

Yule mama akawa anatazama ubao wangu wa picha za mfano, ule ninaoufunga nyuma ya baiskeli. Alisimama mbele ya picha ya mume na mke wa Mitwaba. Wateja wengi huambiwa ndipo waone; yeye kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye ule mpaka mwembamba wa katikati, kikaufuata kutoka juu mpaka chini. Akauliza. Muuza samaki akaniuliza. Nikaeleza, huyu alikuwa huku, huyu kule, kioo kikasafiri. Mama akasema maneno marefu, anayameza meza.

"Anauliza, kioo yako inaweza kungoja muda gani?"

"Muda mrefu," nikasema. "Mwaka. Zaidi. Kisione jua tu."

Alitaka nusu ya kushoto ipigwe sasa, yeye na mtoto. Nusu ya kulia imngoje mume. Akifika Elisabethville, nitaipiga mimi. Wakikutana mahali pengine, ataipiga fundi yeyote wa huko. Hakuwa na picha ya mume wake hata moja ya kumwonyesha mtoto, vitu vyao vyote viliungua. "Anasema," muuza samaki akanitafsiria, naye sauti imemgeuka, "akikua mutoto ataona kwamba hata hapa, mu hii kambi, nafasi ya baba yake ilikuwa."

Kioo hicho hakikuwa cha mabwana, kilikuwa changu. Nikatundika shuka nyuma ya tanuri, mbali na dirisha la mkuu. Mama aliazima viatu kwa jirani, mtoto alibaki miguu mitupu. Nikamweka mama pembeni kushoto na mtoto mbele yake, nikamwambia mtoto anyooshe mkono wake wa kushoto kuelekea upande mtupu, ili siku ile baba aushike. Nikanyoosha kidole kwenye shuka. "Baba iko pale," nikasema.

Alitazama shuka. Akanitazama mimi. Hakukubali hata kidogo, baba alikuwa huku nyuma ya kamera na kila mtu alijua. Muuza samaki akachuchumaa akamweleza polepole. Mtoto akafikiri, akauliza kitu, wakazungumza kama watu wazima. Mwishowe akanyoosha mkono, na vidole akavikunja kidogo, kama mtu ambaye tayari ameshikwa. Nikapiga.

"Amepanga," muuza samaki akaniambia. "Anasema iko na babili. Baba ya kamera na baba ya meli."

Mama hakutaka kioo kibaki kwangu. Mimi ni mtu wa njia, alisema, lori linaweza kupinduka. Nikampa na kasha lake, nikaliweka katika mkebe wa biskuti, nikauviringishia kitambaa cheusi. Nikamwonyesha jua juu, nikafunga macho na kuangusha kichwa, kama maiti. Alielewa. Aliukumbatia mkebe ule na kuufunika kwa ncha za kitambaa chake cha kichwa, ingawa tulikuwa kivulini.

Maneno ya seng'enge hayakubaki kwenye seng'enge. Kwetu utani una miguu. Mke wangu alikwenda bombani kuchota maji, wenzake wakampokea. "Mama, habari ya ule mutoto wa bwana yako, ule mweupe?" Alirudi anacheka, ndoo kichwani. "Baba, ulinificha! Miye ninakupikia bukari, weye unazala na Bagreki!" Tulicheka wote, na watoto wetu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Lakini baada ya siku chache alirudi hacheki. "Baba, hii maneno sasa iko mu jikoni ya bazungu. Bapishi banaielezana. Acha kwenda kule."

Nilimwambia ni mchezo tu. Nilikuwa na picha za mwisho za kupeleka, na nilitaka nimwone tena yule mtoto.

Mkuu wa kambi alizipanga picha mezani barazani, akazipenda. Wafuaji, watumishi na ndoo zao, tanuri, vitambaa vyeupe. Akazikusanya vizuri. Kisha akavua kofia.

"Sasa, foto ingine iko wapi? Ile ya weye na mutoto muzungu. Mutoto anakuita baba."

Mpishi wake alikuwa amemsimulia, akitaka kumchekesha. Nikaeleza. Nilisema hakuna picha yangu na mtoto, bwana, kuna picha ya mama yake, nusu tu, inangoja mume. Nilisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyozidi kuniharibia. Picha ya mke wa mzungu, nusu, imefichwa kwenye mkebe. Na nikiwa katikati ya kueleza, miguu ikasikika kwenye mbao za baraza, yule mtoto akaja mbio kama kawaida yake, akanikamata kidole.

"Babaa!"

Sijui kama nimewahi kuona uso ukibadilika vile. Mkuu alisimama, akaita mlinzi, akaagiza mama aletwe na ule mkebe. Muuza samaki alikuja nyuma ya mama, ananionyesha kwa macho ninyamaze. Akamweleza mkuu kwa Kifaransa, kwa unyenyekevu, kwamba ni neno lao wenyewe, la Kigiriki, mtoto wa Mgiriki hana neno jingine la kumwita baba.

"Najua," mkuu akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie. "Najua ile. Hata kama. Hapa hapana kusema."

Nilikuwa nadhani akielewa yataisha. Alielewa, na hayakuisha.

Akautwaa mkebe. Mama aliushikilia kidogo, kisha vidole vyake vikaachia. Mkuu akafungua kitambaa, akatoa kasha. Niliita, "Bwana, jua! Bwana, hapana, jua!" na nikasogea, mlinzi akanishika kifua. Mchana ulikuwa mweupe. Alivuta kioo chote nje, akakiinua, akakitazama mbele, akakigeuza nyuma. Kilikuwa na rangi ya maziwa, safi, hakina alama hata moja.

"Hakuna kitu," akasema.

"Sasa ndiyo hakuna kitu," nikasema kwa Kiluba, chini chini.

Roho yake ilitulia. Hata alicheka kidogo. Akamrudishia mama kioo kwa adabu, kwa mikono miwili, kama anarudisha sahani. Kisha akamnyooshea mtoto kidole na kusema na mama kwa sauti ya kawaida kabisa, na muuza samaki akatafsiri huku anatazama chini. Neno lile likisikika tena kwa mtu mweusi, chakula chao kitakatwa.

Mama alimgeuza mtoto akampiga kofi mdomoni. Alimpiga pale pale mbele ya mkuu, ili mkuu aone. Halafu akampiga tena. Mtoto hakulia mara moja, alikuwa anashangaa, alikuwa bado amenishika kidole.

Na yule mama, baada ya hapo, alikirudisha kioo kwenye kasha haraka haraka, akauzungushia mkebe kile kitambaa mara nyingi, akaupa jua mgongo, kama nilivyomfundisha. Akanitazama. Alikuwa anatoa machozi na anatabasamu. Hakikuvunjika! Ndivyo alivyokuwa ananiambia. Hakikuvunjika, fundi, na jua limekigusa kidogo tu.

"Mwambie," nikamwambia muuza samaki tulipotoka.

"Nimwambie nini?"

"Kimekufa. Jua limeingia. Hawamo tena."

Alimtazama akienda zake na mkebe kifuani na mtoto mkononi. "Fundi, weye iko na bibi, iko na batoto nyumbani. Yeye iko na nini? Acha akae nayo."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkimbilia yule mama nimwambie mwenyewe, lakini mimi Kigiriki nilijua maneno mawili tu, baba na mama, na kwa hayo mawili huwezi kumweleza mtu jambo kama lile.

Nilikatazwa kukanyaga kambi. Hata hivyo nilirudi na kioo kipya, nikasimama nje ya seng'enge na kamera yangu, wauza mboga wakanisaidia kuita. Nilifikiri, akifika karibu nitampiga picha hapo hapo, nusu ya kushoto, nitambadilishia mkebe, hatajua. Mama hakutoka. Polisi mweusi alikuja badala yake, mtu wa kwetu, anaona haya. "Baba, uende. Miye pia niko na kazi moja tu. Usiniletee mambo." Nikaenda. Nikarudi tena wiki nyingine, na safari hiyo alininyang'anya baiskeli, nikamwomba mpaka akanirudishia.

Asubuhi moja muuza samaki alisimamisha gari lake mbele ya mlango wangu. Alisema kundi moja la wakimbizi linahamishwa, kambi nyingine, mbali, nje ya Kongo, na wao wamo. Treni ilikuwa inapakia. Nikachukua kamera na kioo, nikakimbia. Nilijiambia hata dirishani inawezekana, dirisha nalo ni kama shuka, nitaziba upande mmoja, nitapata hata kichwa chake na mkono wa mtoto.

Watu weusi hatukuruhusiwa jukwaani siku ile. Nilisimama nyuma ya uzio wa reli. Nikawaona. Mama aliketi dirishani, upande wa jua ameuziba kwa shali, na mkebe uko mapajani, kitambaa cheusi kimefungwa kwa uzi. Aliniona. Akauinua mkebe kidogo, kidogo tu, anionyeshe jinsi anavyoutunza. Mimi nikatikisa kichwa, hapana, hapana, hamna kitu mle. Akadhani namsalimu. Akatikisa kichwa na yeye.

Mtoto alikuwa pembeni yake. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, nyeusi. Kamera nilikuwa nimeiacha chini, miguu yake bado imefungwa. Sikuweza kuipanga, mikono haikutaka. Nikamwita tu.

"Mama!"

Nilipaza sauti, watu wakageuka. Akaniona. Naapa aliniona, macho yalimruka vile vile kama siku ya kwanza. Akajaza pumzi. Halafu akainua mikono yote miwili akajiziba mdomo, akaukandamiza, na juu ya mikono yake akamtazama mama yake, kuona kama amefanya vizuri.

Treni ikaondoka kuelekea Mokambo na mpakani. Sijui mpaka leo kama baba wa meli alikuja. Sijui walifungua lile kasha mahali gani, kwa fundi gani, na fundi huyo aliwaambia nini.

Nilifika nyumbani jua limepanda. Binti yangu wa mwisho alinitokea mlangoni anapiga kelele, "Baba! Baba!" Nikasimama. Mke wangu, ambaye kwake kila jambo lilikuwa mzaha, aliona uso wangu akaacha kupepeta unga. Nikamweleza, nikamwonyesha kwa mikono yangu mwenyewe jinsi mtoto alivyojiziba. Aliweka ungo chini.

"Na ile siku baba yake atakuja," akasema, "atamuita namna gani?"

Binti yetu alikuwa bado ananivuta shati, anaita.

"Eee, mama," nikamwitikia.